USALAMA KATIKA MITELEZO YA MAJI: MAMBO YA KUZINGATIWA NA WAZAZI, WALIMU NA WAANDALIZI WA SAFARI

Kila zinapokaribia sikukuu na likizo za skuli, safari za matembezi huongezeka. Watoto hupelekwa katika viwanja vya kufurahishia watoto, kama vile cha Kariakoo mjini Unguja na cha Tibirinzi kisiwani Pemba. Zipo pia familia, skuli na vikundi vya wafanyakazi wanaovuka bahari kwenda Dar es Salaam, ambako bustani ya michezo ya maji ya Kunduchi inafahamika na wengi. Aidha, baadhi ya mahoteli ya kitalii yana mabwawa ya kuogelea yaliyowekewa mitelezo. Kwa hiyo ni vyema ikafahamika namna mitelezo hiyo inavyofanya kazi, hatari zake, na njia za kujikinga.

Mkaazi wa kisiwani amelelewa na bahari, na wengi hujua kuogelea tangu utotoni. Ujuzi huo ni neema, lakini peke yake hautoshi katika mtelezo. Ajali nyingi za mitelezo hazitokani na kutojua kuogelea. Hutokana na mwendo wa kasi, mgongano wa miili, mkao mbaya na msongamano wa watu. Anayepiga mbizi vizuri anaweza kuvunjika mguu katika maji yanayomfika kiunoni.

Mtelezo unavyofanya kazi

Mtelezo wa maji ni mfereji wa fibaglasi uliowekwa juu ya nguzo, ulio wazi au uliofunikwa kama bomba. Pampu hupandisha maji hadi juu, nayo huteremka muda wote na kufanya utando mwembamba kati ya mwili na mfereji. Utando huo ndio unaopunguza msuguano na kumfanya mtu ateleze kwa wepesi.

Mwendo wa mtu hutegemea zaidi urefu wa kwenda juu wa mahali alipoanzia. Lau msuguano usingekuwepo kabisa, anayeshuka kutoka mita 5 angefika chini kwa mwendo wa takriban kilomita 36 kwa saa. Kutoka mita 10, kilomita 50 kwa saa. Na kutoka mita 20, kilomita 71 kwa saa. Msuguano hupunguza mwendo huo, lakini unaobakia ni mkubwa kwa mwili usio na kizuizi chochote. Anayemgonga mwenzake kwa mwendo kama huo hana tofauti na pikipiki iliyomgonga mtu aliyesimama njiani.

Katika kona, mwili hutaka kuendelea moja kwa moja, hivyo hupanda kwenye ukuta wa mfereji. Ukuta umepimwa kwa mtu aliyelala au kukaa kama alivyoelekezwa. Anayesimama, anayepiga magoti au anayejiinua huwa amepandisha uzito wake juu, na anaweza kupinduka au kutoka nje ya mfereji. Hiyo ndiyo sababu ya amri ya kulala chali, miguu mbele.

Ajali tatu na mafunzo yake

Kuna msemo mashuhuri kwamba ajali haina kinga. Uchunguzi wa ajali za mitelezo unaonesha kinyume chake: nyingi zilikuwa na kinga, ila kinga hiyo iliachwa.

Ajali ya kwanza ilitokea tarehe 2 Juni, 1997 katika mji wa Concord, jimbo la California, Marekani. Wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakisherehekea kumaliza masomo yao waliingia kwa wingi katika mtelezo mmoja kwa wakati mmoja, wakijipanga kama mnyororo, huku walinzi wa bwawa wakishindwa kuwazuia. Mfereji ulielemewa ukakatika, na wanafunzi wakaanguka kutoka juu. Mwanafunzi mmoja alifariki dunia na wengine zaidi ya 30 walijeruhiwa. Walikuwa katika safari ya furaha, na hakuna aliyekusudia ubaya. Kosa lilikuwa moja tu: mfereji uliotengenezwa kwa kupita mtu mmoja baada ya mwingine ulibebeshwa kundi zima.

Ajali ya pili ilitokea mjini Kansas City, jimbo la Kansas, Marekani. Mwezi Julai 2014 ulifunguliwa hapo mtelezo ulioitwa Verrückt, wenye urefu wa zaidi ya mita 51, ambao ulitambuliwa kuwa mrefu kuliko yote duniani. Watu watatu walikuwa wakishuka pamoja katika boti la mpira, wakaporomoka na kisha kupandishwa kilima cha pili. Tarehe 7 Agosti, 2016, boti lililokuwa na mtoto wa miaka 10 mbele na watu wazima wawili nyuma lilinyanyuka juu ya kilima hicho na kugonga vyuma vilivyoshika wavu. Mtoto alifariki papo hapo na watu wazima walijeruhiwa. Uzito wa jumla wa abiria haukuvuka kiwango kilichowekwa, lakini ulikaa vibaya: mwepesi mbele, wazito nyuma. Mtelezo ulifungwa siku hiyo, na mwaka 2018 ukabomolewa. Mwaka 2017 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kukaza ukaguzi wa vifaa vya michezo ya namna hiyo.

Ajali ya tatu ilitokea Surabaya, Indonesia, tarehe 7 Mei, 2022, siku chache baada ya Idi el-Fitri, wakati familia nyingi zikiwa matembezini. Kipande cha mtelezo kilivunjika, na watu waliokuwa ndani, wakiwemo watoto, walianguka kutoka kiasi cha mita 10. Baadhi yao walivunjika mifupa. Taarifa zilizotolewa baadae zilitaja uchakavu wa mfereji na kuzidi kwa idadi ya watu waliokuwamo.

Ajali hizo zinatoa mafunzo matatu. Kwanza, idadi ya watu katika mfereji ni jambo la uhai na si la utaratibu tu. Pili, kipimo cha urefu na uzito, pamoja na mpangilio wa kukaa, vinapaswa kufuatwa hata pale mtoto anapolia kwa kukatazwa. Tatu, jina kubwa la mahali na wingi wa wateja si dhamana kwamba vifaa ni vizima.

Kabla ya kupanda

Mtu asome kibao cha masharti kabla ya kupanda ngazi, na asiyejua kusoma asomewe. Mitelezo mingi mikubwa huweka kipimo cha urefu wa mtoto, aghlabu sentimita 120. Mtoto mdogo ana kichwa kizito kwa kulinganisha na mwili wake na hawezi kujizuia asigeuke anapokuwa katika mwendo. Mzazi anayemwinua mwanawe kwa visigino ili akifikie kipimo anamdanganya mlinzi na kumhatarisha mtoto.

Wafuatao wasitumie mitelezo ya kasi: wajawazito, wenye maradhi ya moyo, wenye maumivu ya mgongo au shingo, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wenye mifupa isiyounga sawasawa na waliotumia kileo. Mwenye kifafa apate kwanza ushauri wa daktari, na asiingie majini peke yake.

Mavazi yanahitaji kuangaliwa. Vazi la stara halina ubaya wowote katika mtelezo, mradi liwe la kuogelea na liubane mwili. Hatari iko katika nguo pana kama kanga, baibui na kanzu, ambazo hunasa, hujikunja shingoni au hufunika uso. Pini za mtandio, vifungo vya chuma, zipu, mikanda, mikufu, bangili na herini viachwe nje. Vitu hivyo humchoma mwenyewe na kukwaruza mfereji, na mkwaruzo huo huja kumchana mwengine. Nywele ndefu zifungwe na miwani ivuliwe.

Mwenye kuharisha asiingie bwawani, wala mtoto mwenye kuharisha asiingizwe. Kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 katika bwawa lililotiwa dawa ya klorini kwa kiwango kinachostahiki, na mtu mmoja anaweza kuwaambukiza wengi waliomeza maji hayo.

Wakati wa kuteleza

Mtu asiondoke juu mpaka mlinzi atoe ishara, naye mlinzi hutoa ishara baada ya kuona kuwa aliyetangulia ameshatoka majini. Kusukumana na kukimbia kwenye ngazi ni mwanzo wa ajali nyingi.

Katika mtelezo wa mwili, mkao ulio salama ni kulala chali, miguu mbele, mguu mmoja juu ya mwengine kwenye vifundo, na mikono kukunjwa kifuani. Mikono iliyonyooshwa hugonga kingo na viungo vya mfereji. Miguu iliyoachana huruhusu maji kuingia mwilini kwa nguvu kupitia sehemu za siri mtu anapofika bwawani, na madhara yake ya ndani yanaweza kuhitaji upasuaji. Jambo hili husitiriwa katika mazungumzo, lakini wazazi na walimu wanapaswa kuwaeleza watoto wao, hususan wasichana.

Hakuna ruhusa ya kuteleza kwa kichwa mbele, ila katika mitelezo ya mikeka iliyotengenezwa kwa namna hiyo. Hakuna pia ruhusa ya kujizuia katikati ili kumsubiri mwenzako. Anayekwama ndani ya bomba aendelee kujisukuma mbele akiwa amekaa, kwani anayefuata hamwoni.

Kosa linalofanywa kwa mapenzi ni kumpakata mtoto mdogo. Mzazi hudhani kwamba mapajani ndipo penye usalama. Mguu wa mtoto ukigusa ukuta wa mtelezo, uzito wa mzazi huendelea kwenda mbele huku mguu umebaki nyuma, na mfupa wa muundi huvunjika. Madaktari wanaifahamu vizuri ajali hii hata katika mitelezo ya kawaida isiyo na maji. Mtoto asiyeweza kushuka peke yake apelekwe kwenye mtelezo wa kimo chake.

Anayefika chini ainuke na atoke bwawani mara moja kwa upande ulioelekezwa. Kusimama hapo kwa ajili ya kupangusa uso au kumpungia mkono mpiga picha ni kujiweka mbele ya anayekuja.

Wajibu wa waandalizi wa safari

Mwalimu, kiongozi wa kikundi au mtumishi anayeandaa safari anabeba dhamana ya watoto wa watu. Inafaa ahakikishe yafuatayo:

1. Kila mtoto ana idhini ya maandishi ya mzazi, na maradhi yake yametajwa humo.

2. Watoto wamegawiwa katika vikundi vidogo, kila kikundi kina mtu mzima wake, na wanahesabiwa kabla ya kuingia majini na kila wanapotoka.

3. Mtu mzima mmoja amesimama juu ya ngazi na mwengine chini penye bwawa. Wote wawili hawashughuliki na simu wala mazungumzo.

4. Watoto wameelezwa masharti kabla ya kuteremka kwenye gari, kwa kuwa wakishayaona maji hawasikilizi tena.

5. Mwandalizi ameuliza iwapo pana walinzi wenye mafunzo, iwapo mitelezo hukaguliwa, na iwapo kuna vifaa vya huduma ya kwanza. Akiona mfereji wenye ufa, kiungo kilichoachana, nguzo iliyoliwa na kutu, maji machache au maji yasiyoonesha sakafu ya bwawa, awazuie watoto na kuwaarifu wenye mahali.

Kuwazuia watoto waliosafiri masafa marefu na kulipiwa kiingilio ni jambo gumu. Hata hivyo, lawama ya siku moja ni nyepesi kuliko kurudi na idadi pungufu.

Ajali ikitokea

Anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwani pumzi anayoitafuta ndiyo ambayo angeipigia ukelele. Ukiona mtu kichwa kimelala nyuma, mdomo uko sawa na maji na hajibu anapoitwa, muite mlinzi, usimamishe mtelezo, na umtupie boya au kamba.

Aliyegonga kichwa au shingo asinyanyuliwe ovyo. Ashikiliwe juu ya maji, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja, mpaka wafike wenye ujuzi. Ikiwa hapumui, kumpatia pumzi ndilo jambo la mwanzo.

Aliyezama asiyepumua alazwe chali, kichwa kirudishwe nyuma, na apewe pumzi 5 kwa mdomo. Kisha akandamizwe katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kupewa pumzi 2. Utaratibu huo uendelee hadi apumue au msaada ufike. Desturi ya kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili atapike maji haina faida. Hupoteza dakika anazozihitaji na huweza kuyapeleka matapishi mapafuni. Hata akizinduka, apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumzidi baada ya saa kadhaa.

Michezo ya maji ni furaha ya halali kwa watoto, na hakuna haja ya kuwanyima. Masharti yaliyoelezwa hapa hayahitaji fedha wala vifaa, ila usikivu wa anayepanda na uangalifu wa anayemsimamia. Wazazi, walimu na waandalizi wa safari wanaombwa wayasome mbele ya watoto wao kabla ya siku ya safari, na kuwafikishia wengine ambao ukurasa huu haujawafikia.