Zungumza Wazi na Daktari wa Meno Kabla ya Matibabu

Katika mafundisho ya afya watu huuliza sana kuhusu malaria, UKIMWI na maji safi. Meno huulizwa mwishoni, tena kwa sauti ya chini. Wapo vijana wanaoziba mdomo wakicheka na akina mama wasiopenda kupigwa picha. Leo tuzungumzie wanaotaka kurekebisha mwonekano wa meno yao, na kwa nini mazungumzo na daktari ni nusu ya tiba.

Meno yana historia

Hapa Mara meno hubeba historia ya mtu. Hayati Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno ya mbele ya juu yakawa na ncha, kwa mila ya Wazanaki. Alibatizwa Nyegina mwaka 1943 akiwa na meno hayo, akaongoza nchi nayo hadi mwaka 1985. Kwa ndugu zetu Wajaluo wa Rorya, wazee wengi waling'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana. Hayo si ugonjwa wala aibu. Lakini daktari asipoambiwa, anaweza kudhani meno yalitoka kwa ugonjwa wa fizi, na ushauri wake ukapotoka.

Chukua mfano wa kijana wa Bunda aliyekulia Arusha, ambako baadhi ya visima na chemchemi zina floridi nyingi. Meno yake yana madoa ya kahawia. Amesugua kwa mkaa na mchanga bila mafanikio, kwa sababu madoa hayo yaliingia wakati jino linajijenga utotoni, kabla halijaota. Kusugua hivyo humaliza ngozi ngumu ya jino tu. Akimweleza daktari alikokulia na maji aliyokunywa, itajulikana mapema kama ni floridi, ukoga au jino lililooza. Kila kimoja kina tiba yake.

Mambo ya kumweleza daktari

Mweleze unachotaka kwa maneno yako mwenyewe: "Daktari, nataka doa hili lipungue," au "Nataka meno ya bandia nile mahindi, si ya picha tu." Usiseme tu "nitengeneze meno."

Aidha, mweleze kama una kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au VVU. Kama una ujauzito. Kama kuna dawa inayokudhuru. Na dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu kwa muda mrefu. Waswahili husema, mficha maradhi kilio humfichua. Daktari anapaswa kukutunzia siri. Kama chumba kina watu wengi, omba mzungumze faragha.

Mambo ya kumwuliza

Kuuliza si ujinga. Uliza: Je, jino langu litachongwa? Jino likishachongwa ili livishwe kofia halirudi tena kama lilivyokuwa. Je, kuna njia nyepesi zaidi? Matokeo yatadumu muda gani, na yakiharibika itakuwaje? Gharama yote ni kiasi gani, na bima yangu inalipia? Nikirudi nyumbani leo nikafikiri, kuna madhara?

Fahamu pia kwamba dawa ya kung'arisha meno haibadilishi rangi ya meno ya bandia wala ya mahali palipozibwa. Huweza kuleta ganzi na maumivu ya muda unapokunywa kitu cha baridi. Meno yaliyooza na fizi zinazotoka damu hutibiwa kwanza, urembo hufuata.

Jihadhari na wanaobandika meno sokoni au nyumbani. Daktari halali wa meno amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, nawe una haki ya kuuliza.

Kazi ya kamati

Kamati za parokia zinaweza kusaidia mambo matatu. Kwanza, kumsindikiza mzee au kijana mwenye hofu, ili awepo wa kusikiliza pamoja naye. Pili, kumwalika mtaalamu wa kinywa wa wilaya azungumze na akina mama baada ya ibada. Tatu, kuhimiza kisima kipya kipimwe floridi kabla watoto hawajaanza kukitumia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuiondoi, na magadi ya kulainishia makande huweza kuiongeza.

Kwa wafadhili wetu: kipimo cha maji leo ni nafuu kuliko kutibu madoa ya mtoto baada ya miaka kumi. Na kwako msomaji, ukikaa kwenye kile kiti, sema kwanza. Ukishafunguliwa mdomo na kuchomwa sindano ya ganzi, nafasi ya kusema imepita.