Fedha hukodi, hainunui

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi tunalijua, ila hulisahau mifuko inapojaa: fedha ina mipaka yake.

Ndugu msomaji, mtazame hayati Mobutu Sese Seko, aliyeitawala Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu mwaka 1965. Kule Gbadolite, kwa wazee wake, alijenga makasri na uwanja wa ndege wa kuweza kupokea Concorde. Alipogawa fedha, wapiga makofi hawakukosekana. Lakini Mei 1997, waasi walipokaribia, aliondoka Gbadolite kwa ndege ya mizigo, huku askari wake mwenyewe wakiimiminia risasi. Septemba mwaka huohuo alifariki mjini Rabat, Morocco, na akazikwa huko huko ugenini.

Kwa nini? Anayelipwa ili akusifu huhesabu malipo. Yakikoma, na sifa zimekoma. Tena hathubutu kukuonya unapokosea, maana onyo litamkatia posho. Kwa hiyo tajiri hubaki peke yake katikati ya umati.

Sisemi fedha ni mbaya. Kodi ya nyumba na karo ya watoto hazilipwi kwa salamu. Lakini heshima huletwa na kutimiza ahadi. Mapenzi na urafiki hukomaa kwa kuvumiliana katika dhiki.

Ukiona meza ya mtu imezungukwa na marafiki baa, usiwahesabu siku hiyo. Wahesabu siku akilazwa hospitali: nani kaja na chupa ya uji?