Tanki la Maji Juu ya Zege Lisilo Sawa

Tanki la plastiki la lita 5,000 likijaa hubeba maji ya tani 5, na mzigo wote hukaa kwenye kitako chembamba. Zege likiwa na mabonde, kitako hujikunja kila maji yanapopanda na kushuka, hadi kipasuke. Kuchomeka vipande vya matofali chini yake ni dawa mbaya kuliko ugonjwa, maana uzito hukusanyika kwenye ncha chache.

Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, viwanja vingi viko miteremkoni. Upande wa juu huchimbwa, wa chini hujazwa udongo mwepesi wa volkano. Usiposhindiliwa vizuri, hutitia. Zege lililopasuka na kuinama kwa sababu hiyo halina ukarabati: livunjwe, lijengwe upya.

Zege lililo imara lakini lenye mabonde husawazishwa. Fundi huweka alama za usawa kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki humo, vipimo vyote ni uongo. Uso wa zege hutinduliwa uwe wa kukwaruza, husuguliwa, hulowanishwa na kupakwa uji wa saruji. Kabla haujakauka humwagwa mchanganyiko wa saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, unene usiopungua sentimita 4, kwani tabaka jembamba hubanduka. Kisha hupigwa rula na kufunikwa turubai. Bila turubai, mvua ya Tukuyu huosha saruji mbichi. Tabaka hilo humwagiliwa maji kwa siku 7 ndipo tanki lipandishwe.