Slaidi ya umeme: pima mzigo unaponing'inia kabla hujafungua katalogi

Kikundi kimoja cha akina mama huku kwetu Pwani hufunga maji ya kunywa katika chupa za nusu lita. Kila chupa ikishajazwa ilikuwa ikihamishwa kwa mkono, kutoka meza ya kujazia hadi meza ya kufungia vizibo. Mikono ilichoka, chupa zikaanguka, na jioni sakafu ilikuwa imelowa. Wakaniita niwafungie kifaa cha kuhamisha chupa nne kwa pamoja.

Siku ya kukabidhiwa pesa, mwenyekiti wao aliniambia, "Mwanangu, hizi ni pesa za mchango. Zimekusanywa kidogo kidogo. Nunua kana kwamba unanunua kwa zako."

Nikamwambia, "Usiwe na shaka, mama."

Nikanunua slaidi ya umeme yenye uwezo wa kubeba kilo 10, ilhali mzigo wangu ulikuwa kilo 4 tu. Nikajiona nimeacha nafasi ya kutosha. Mwezi wa nne kigari kikaanza kucheza kwenye reli, chupa zikawa zinafika zimeinama, na vizibo vinafungwa upande. Mwezi wa tano slaidi ikakwama kabisa.

Muuzaji hakuniuzia kitu kibovu. Kosa lilikuwa langu, na naliandika hapa kwa sababu karakana nyingi ndogo za Pwani zimeanza kununua vifaa hivi: za maji, za sharubati, za mafuta ya nazi, za kufunga viungo. Wengi huchagua kama nilivyochagua mimi, kwa kutazama picha, bei na kilo.

Slaidi ya umeme ni nini

Ni reli fupi yenye kigari juu yake na mota mwishoni. Mota ikizunguka, hugeuza skrubu au huvuta mkanda wa meno uliomo ndani, na kigari huenda mbele ama kurudi nyuma. Unachokifunga juu ya kigari, kiwe mkono wa kushika chupa, kisu au pua ya kujazia, husafiri nacho.

Kabla ya hapo wengi wetu tulizoea silinda za upepo zinazoendeshwa kwa kompresa. Silinda ya kawaida huenda mwisho hadi mwisho, basi. Slaidi ya umeme unaweza kuiambia isimame popote njiani, iondoke polepole na ifike polepole. Lakini nisimdanganye mtu: ikiwa kazi yako ina vituo viwili tu, na kompresa tayari unayo, silinda ya upepo huenda ikakutosha na ikakugharimu kidogo. Slaidi inafaa unapohitaji vituo vingi, mwendo laini, au unapochoka kulipia stima ya kompresa inayonguruma mchana kutwa kwa sababu ya mipira inayovuja.

Kilo pekee hazisemi kitu

Wazee wetu waliobeba maji kwa mzega walilijua jambo hili bila katalogi. Madebe mawili, moja kila ncha ya mti, hukaa vizuri begani. Ondoa debe moja. Uzito umepungua nusu, lakini sasa mti unapinduka na bega linaumia zaidi. Uzito ni jambo moja, na mahali unaponing'inia ni jambo jingine.

Kigari cha slaidi ni kama lile bega. Mkono wangu wa chuma pamoja na chupa nne ulikuwa kilo 4, lakini haukukaa juu ya kigari. Ulitokeza pembeni sentimita 20 ili kuikwepa meza. Hesabu yake ni hii: kilo 4, mara 9.81 ambayo ni mvuto wa dunia, mara mita 0.2. Jibu ni karibu 8. Kipimo chake huitwa Newton-mita, kwa kifupi Nm, na ndicho kipimo cha nguvu ya kupindua. Slaidi niliyonunua iliruhusu 3 tu. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye katalogi, mistari michache chini ya zile kilo 10. Sikufika hapo.

Ndani ya kigari mna gololi ndogo za chuma zinazobingirika kwenye reli. Mzigo ukipindua, gololi za upande mmoja hubeba karibu kila kitu. Na kanuni ya maisha ya gololi ni kali: ukizidisha mzigo mara mbili, maisha yake hayapungui nusu, hupungua hadi sehemu moja ya nane. Bandu bandu huisha gogo, lakini hapa shoka lenyewe ni kubwa.

Pia hesabu safari. Kifaa chetu kilienda na kurudi mara 6 kwa dakika, sentimita 30 kwenda na 30 kurudi, saa 6 kwa siku. Hiyo ni safari 2,160, karibu kilomita 1.3 kila siku. Kwa siku 300 za kazi inakuwa takriban kilomita 390. Ni kama kutoka Mombasa ukapita Voi, Mtito Andei na Emali, yote hayo juu ya kipande cha reli kisichofika nusu mita.

Kasi: jiulize una sekunde ngapi

Wateja wengi hutaka "kitu cha kasi". Mimi siku hizi huuliza: una sekunde ngapi? Sisi tulikuwa na sekunde 10 kwa kila mzunguko, na sehemu kubwa ilikuwa ya kujaza na kufunga.

Tuseme unataka kusogea milimita 300 kwa sekunde 1. Kigari hakiwezi kuanza na kusimama papo hapo, kwa hiyo theluthi moja ya muda huongeza kasi, theluthi moja huenda sawasawa, na theluthi ya mwisho hupunguza. Kwa mpango huo kasi ya juu kabisa inafika milimita 450 kwa sekunde. Ukikubali sekunde 2, kasi hiyo inashuka hadi 225, na nguvu ya kuondosha mzigo inapungua hadi robo. Sekunde moja tu ya subira inaweza kukuruhusu kununua mota ndogo, na chupa hazitikisiki.

Kasi ndiyo pia inayoamua kama utachukua skrubu au mkanda. Skrubu inayosogeza kigari milimita 10 kwa kila mzunguko italazimika kuzunguka mara 2,700 kwa dakika ili ifikie kasi ya 450. Kwa mota ya stepa, ambayo ni ya bei nafuu na hutembea hatua kwa hatua, huo ni mwendo mkubwa mno. Nguvu yake hupotea kadiri inavyozunguka haraka, na ikizidiwa huruka hatua bila kukwambia. Mkanda unaosogeza milimita 60 kwa mzunguko utahitaji mizunguko 450 tu kwa kasi hiyo hiyo. Mota ya sevo ina kifaa cha kujua ilipo na hujirekebisha, lakini bei yake iko juu.

Kwa usahihi, skrubu ya gololi kwa kawaida hurudi mahali pale pale kwa tofauti ya sehemu chache za mia za milimita. Mkanda huwa karibu na sehemu moja ya kumi. Chupa ya maji haihitaji zaidi ya nusu milimita. Usilipie usahihi ambao kazi yako haiujui.

Stima ikipotea

Ikiwa slaidi yako inalala, stima ikipotea kigari husimama na mambo yameisha. Ikiwa imesimama wima na inanyanyua mzigo, jiulize mzigo utakwenda wapi. Mkanda hauushiki. Skrubu ya gololi nayo haiushiki, kwa sababu inateleza vizuri pande zote mbili. Mzigo utashuka, na chini yake huenda pana mkono wa mtu. Slaidi ya wima inunuliwe na mota yenye breki, ile inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Hapa hapana mjadala wa bei.

Hata inayolala inahitaji kinga. Mota ikikuta kidole njiani haijui kuwa ni kidole, itaendelea kusukuma. Weka kizuizi cha kuzuia mikono, kitufe chekundu cha kusimamisha mahali kinapofikika, na swichi za kikomo kila mwisho wa reli.

Hewa yetu ina chumvi

Kwenye katalogi utaona herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili ni kinga dhidi ya maji. IP20 haina kinga yoyote ya maji. IP65 haiingizi vumbi na huhimili maji ya kurushwa kwa bomba. Slaidi nyingi ndogo za bei nafuu zina uwazi juu ambamo kigari hupita, na maji hupita hapo hapo.

Lakini kuna jambo ambalo IP haisemi: kutu. Namba hiyo hueleza kinachoweza kuingia ndani, haielezi chuma chenyewe kitadumu vipi. Sisi tunaoishi kati ya kusi na kaskazi tunajua upepo unavyoyala mabati na magrili ya madirisha. Uliza reli ni ya chuma gani, kama ina kifuniko, na kama tundu la kutilia grisi linafikika bila kufungua kila kitu. Na kama unafunga chakula ama maji, uliza grisi ya daraja la H1, inayoruhusiwa mahali ambapo inaweza kugusa chakula kwa bahati mbaya.

Maswali ya kwenda nayo kwa muuzaji

Andika haya kwenye karatasi kabla ya kupiga simu: mzigo ni kilo ngapi pamoja na mkono wa kushikia? Unaning'inia umbali gani kutoka katikati ya kigari, na upande gani? Unasafiri milimita ngapi, kwa sekunde ngapi, mara ngapi kwa siku? Umelala au umesimama? Panamwagika maji, unga au chumvi? Mkanda ukikatika, wa kubadilisha unapatikana wapi na kwa siku ngapi? Muuzaji anayejua kazi yake atafurahi kuiona karatasi hiyo. Asiyejua atakuuliza tu una bajeti gani.

Niliporudi kwa wale akina mama, kwanza nilichora upya. Nikagundua kwamba ningeisogeza slaidi karibu na meza, ule mkono ungekuwa na sentimita 8 badala ya 20. Nguvu ya kupindua ikashuka kutoka karibu 8 hadi 3 na kidogo. Kisha tukanunua slaidi yenye kigari kipana, inayoruhusu 12. Nusu ya bei niliilipa mimi.

Mwenyekiti hakunikemea. Alinipa utepe wa kupimia nguo akaniambia, "Safari hii anza na huu." Hadi leo umo ndani ya mkoba wangu wa vifaa, na huutoa kabla ya katalogi.