Orodha Moja ya Dawa

Mgonjwa mmoja huweza kutibiwa na waganga watatu. Kila mganga humwandikia dawa zake. Je, nani anazijua zote?

Jambo hili ni la hatari. Mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akiongeza aspirini anaweza kutokwa na damu nyingi tumboni.

Nchi ya Uswidi ilitunga sheria juu ya jambo hili. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2021. Dawa alizoandikiwa mtu, na zile alizochukua katika duka la dawa, huwekwa katika orodha moja ndani ya kompyuta. Mganga na muuza dawa huweza kuisoma orodha hiyo. Mgonjwa naye huweza kuiona.

Je, kazi imefaulu? Imefaulu kwa sehemu tu. Hospitali zilitakiwa kuunganishwa ifikapo Mei 2023, lakini zilichelewa na muda ukaongezwa. Tena, orodha haionyeshi dawa zinazonunuliwa bila cheti. Wala haionyeshi kama mgonjwa amemeza dawa au ameziacha kabatini. Kwa hiyo mganga bado lazima amwulize mgonjwa mwenyewe.

Ndugu msomaji, wewe unajua kusoma na kuandika. Andika katika daftari jina la kila dawa unayotumia, kiasi chake na saa za kuimeza. Andika pia dawa za dukani na za miti shamba. Uendapo zahanati, chukua daftari hilo, umwonyeshe mganga kabla hajakuandikia dawa nyingine.