Nani Humchagulia Punda Mume?

Na mwanachama wa kidato cha tatu

Ukimwuliza mtu wa Kitui au Makueni ndama wake ni wa fahali yupi, atakujibu bila hata kufikiri. Ukimwuliza juu ya mbuzi, atakwambia beberu wa Galla alimtoa soko gani na alilipa ngapi. Lakini hebu mwulize baba ya punda wake ni nani. Atacheka! Punda, ing'oi kama tunavyomwita kwa Kikamba, hana baba wala babu. Yeye huzaliwa tu.

Wacha nieleze kwa nini jambo hili si la kuchekesha hata kidogo.

Katika somo la Kilimo tunafundishwa uteuzi na uzalishaji wa mifugo. Kanuni yenyewe si ngumu. Mtoto hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hivyo mfugaji anayetaka mifugo bora hana budi kufanya mambo matatu: achague wazazi, azuie ndugu wa damu wasipandane, na aandike nani amezaa nani. Ng'ombe wa maziwa wanafanyiwa hivyo, mbuzi wanafanyiwa, hata sungura. Nilipotaka kujua kama kuna mahali mnyama wa kazi, yule wa kuvuta na kubeba, amewahi kutunzwa namna hiyo akapanda cheo, niliangukia habari za farasi wa Ayalandi.

Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Zamani wakulima wengi wa huko walikuwa na uwezo wa kufuga farasi mmoja tu, au wawili. Farasi huyo alitakiwa kulima shamba, kuvuta mkokoteni kwenda sokoni na kuipeleka familia kanisani Jumapili. Msimu wa kuwinda ukifika, alitakiwa kumbeba mtu mgongoni na kuruka nyua na mitaro. Kwa kazi hizo zote farasi mzito kupita kiasi hafai, na mwembamba kupita kiasi hafai vilevile. Basi wakulima wakawa wanachagua wale wa katikati, wenye mifupa imara, miguu iliyonyooka na moyo mtulivu. Mnamo mwaka wa 1917 kikafunguliwa kitabu maalum cha kuandikia farasi hao, madume na majike.

Kisha wafugaji wakampandisha jike wa aina hiyo na dume la farasi wa mbio. Mtoto akatoka na nguvu za upande mmoja na kasi ya upande wa pili. Ndipo Ayalandi ikapata sifa duniani kwa farasi wa kuruka viunzi. Mmoja wao, Boomerang, akiendeshwa na Eddie Macken, alishinda shindano kubwa la Hickstead kule Uingereza miaka 4 mfululizo, 1976 hadi 1979.

Si kwamba mambo yalikuwa mteremko. Trekta zilipoingia mashambani, farasi wa kazi akaonekana hana maana, na idadi yake ikashuka vibaya. Mwaka wa 1976 wafugaji wakaunda chama cha kumwokoa. Siku hizi wako wanaosisitiza kwamba farasi aitwe wa jadi ikiwa tu ukoo wake ni wa damu za huko kwao, si wa kuchanganywa na farasi wa michezo wa Ujerumani au Uholanzi. Ukitazama vizuri, utaona kwamba farasi huyo hakuokolewa na huruma peke yake. Aliokolewa na kitabu na uwanja. Kitabu kilionyesha yeye ni nani, nao uwanja ukaonyesha anaweza nini.

Huenda msomaji akauliza, mbona basi tusifuge farasi Ukambani? Farasi Kenya wako. Uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, ulifunguliwa mwaka wa 1954, na farasi wanaokimbia pale wana majina ya baba na mama mpaka vizazi vya nyuma. Lakini Afrika ina ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi hufa. Punda naye huambukizwa lakini kwa kawaida haugui. Tena farasi anataka malisho mazuri na maji mengi. Punda atakula majani makavu ya Agosti na kuendelea na safari. Mnyama wa kwetu ni punda, tusijidanganye.

Na ni wa kwetu kwelikweli. Mwaka wa 2022 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya punda kutoka nchi nyingi. Walikuta kwamba punda wote wa dunia wanatokana na punda mwitu wa Afrika, na kwamba walianza kufugwa mara moja tu, yapata miaka 7,000 iliyopita, katika pande hizi za Kenya na Pembe ya Afrika. Kwa hivyo yule punda unayemwona akipanda kutoka mto Tiva na mitungi ubavuni, mwenye mstari mweusi wa msalaba mabegani, ni wa ukoo mkongwe uliotoka hapa ukaenea mpaka Uchina na Ulaya.

Watu wa pwani walijua kitambo kwamba punda si mmoja. Waliwatofautisha punda wa bara, wadogo na wagumu, na punda wakubwa weupe walioletwa kutoka Maskati kwa ajili ya kupandwa. Aina nzuri ilithaminiwa na kulipiwa. Sisi wa bara ndio tuliobaki kusema "punda ni punda".

Sasa tuone punda huzaliwaje hapa kwetu. Baada ya mavuno punda hufunguliwa wajilishe mabua mashambani. Dume lolote lililo karibu humpanda jike yeyote. Mara nyingi dume huyo ni mdogo, kwa maana madume makubwa yenye nguvu yamefungwa kwenye mikokoteni mjini. Pengine ni mtoto wa jike huyohuyo, au ndugu yake. Tunachagua kinyume! Walio bora tunawachosha kwa kazi, na walio dhaifu tunawaachia uzazi.

Hata punda milia anaweza kuingilia kati. Mwaka wa 2019 punda milia jike alitoka mbuga ya Tsavo Mashariki akajiunga na ng'ombe wa mama mmoja. Shirika la wanyama la Sheldrick likamhamishia Chyulu, upande wetu wa Makueni, na mwaka wa 2020 akaonekana na mtoto mwenye mwili wa punda na miguu ya mistari. Alikuwa amepandwa na punda wa kufugwa kabla ya kuhamishwa. Chotara wa namna hiyo hupendeza macho, lakini kwa kawaida hawezi kuzaa. Punda ana kromosomu 62, ilhali punda milia wa Tsavo ana 44. Ni kama nyumbu wa kufugwa (si yule wa Maasai Mara), mtoto wa punda dume na farasi jike. Farasi ana 64, punda 62, nyumbu anabaki na 63 zisizogawanyika sawasawa, basi ukoo unaishia kwake.

Jambo linalonitia hofu ni hesabu. Punda jike hubeba mimba miezi 12, wakati mwingine zaidi. Huzaa mtoto mmoja, pacha ni nadra sana. Mtoto hunyonya karibu miezi 6, na hafai kubebeshwa mzigo wa maana kabla ya miaka 3 au 4. Yaani jike akipandwa leo, punda wa kazi utampata baada ya miaka 4 au 5. Mwanafunzi anaweza kuingia kidato cha kwanza na kumaliza cha nne kabla mwana punda huyo hajaanza kubeba maji.

Sasa linganisha na kasi ya kumpoteza. Wachina hutengeneza dawa kwa kuchemsha ngozi ya punda, na mahitaji yao yakafika kwetu. Kati ya 2016 na 2018 vichinjio vya punda vya Kenya, kimoja kikiwa Machakos, jirani yetu, vilichinja punda 301,977. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka wa 2019 na KALRO, shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo, ambalo lilisema punda walikuwa wanachinjwa kwa kasi kuliko wanavyozaliwa. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8. Ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Wizi ulienea. Kuna nyumba kijijini kwetu zilizoamka na kukuta kamba tupu. Mwaka wa 2020 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo, mwaka wa 2021 mahakama ikaiondoa marufuku hiyo, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima.

Mnyama akiibiwa, mzigo haupungui. Unahamia kwa mtu. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike, lakini hapa kwetu punda akifa mzigo hufika kwenye mgongo wa mama, na wa msichana anayefaa kuwa darasani. Sisi wa shule za kutwa tunalijua hili vizuri. Mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijaja, utawajua wasio na punda kwa kuchelewa kwao asubuhi.

Ndiyo maana nasema sheria peke yake haitoshi. Kitu kisicho na jina ni rahisi kuibwa, na kisicho na sifa ni rahisi kuuzwa. Wenzetu wengine wa Kenya wameanza kuwapa wanyama wao wa kazi sifa. Huko Maralal kuna mashindano ya ngamia tangu mwaka wa 1990, na wageni hutoka nchi za mbali kuyaona. Huko Lamu, mji wa vichochoro ambamo punda ndiye gari, vijana hushindana mbio za punda ufuoni wakati wa tamasha la utamaduni, na mshindi hujulikana mji mzima. Tena shirika la Donkey Sanctuary, ambalo limekuwa na kliniki ya punda Lamu tangu miaka ya 1980, limekuwa likiandaa mashindano ya kumzawadia mwenye punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Hapo mwenye kidonda mgongoni hapati kitu, hata akiwa na mbio za umeme.

Sisi tufanyeje? Nina mambo manne, na hakuna linalohitaji pesa za Ayalandi.

Kwanza, kijiji kichague dume mmoja au wawili. Tumtazame miguu kama imenyooka, kwato kama ni ngumu, mgongo kama ni imara, meno kama yanakutana, na tabia yake. Punda mkali huzaa wakali, na hapo ndipo msemo wa shukrani za punda ni mateke utakapotimia.

Pili, madume mengine yahasiwe na daktari wa mifugo, wala si kienyeji kwa kisu cha jikoni. Aliyehasiwa hutulia, na hufanya kazi vizuri.

Tatu, tuandike. Daftari la kurasa 48 latosha: jina la punda, rangi, alama, mama, baba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupandwa. Dume abadilishwe na kijiji kingine baada ya miaka michache ili asiwapande binti zake. Daftari hilohilo litasaidia punda akiibwa, kwa sababu mwenyewe ataweza kumwelezea alama kwa alama.

Nne, tuwe na siku ya punda. Katika mashindano ya tarafa, mbona kuna kukimbia na magunia lakini punda hayumo? Iwekwe mbio fupi, bila fimbo, kisha waamuzi wakague ngozi, kwato na unene. Mzigo nao upimwe. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji ni kilo 20, kwa hivyo mitungi 4 ni kilo 80. Punda wetu wengi hawazidi kilo 150. Tunawabebesha zaidi ya nusu ya uzito wao, kisha tunashangaa kwa nini wanazaa watoto wadogo.

Watakaosema kwamba punda hawezi kuwa mnyama wa michezo wakumbuke kwamba mababu wa farasi wa kuruka viunzi walikuwa wakivuta jembe. Tofauti ni kwamba kuna watu walioamua kuandika majina yao.

Nawaomba wanachama wote wa chama chetu mnaotoka katika nyumba zenye punda: muhula huu mwulizeni mzazi punda wenu alizaliwa na nani, lini na wapi, kisha mlete majibu. Tutaanza na ukurasa mmoja, hata kama nafasi ya baba itakuwa wazi.