Malale na Kala-azar: Mbona Unapimwa Moyo na Shida Iko Kwa Tumbo ama Usingizi?

Ukiskia "malale" unawaza usingizi. Ukiskia "kala-azar", kama umewahi kuiskia, unawaza mtoto aliyefura tumbo. Hakuna msee huwaza moyo. Hapo ndipo ngori huanzia, juu magonjwa haya mawili ya vimelea, yote kwa ile orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya magonjwa yaliyosahaulika, hufika kwa moyo kimyakimya. Na si mambo ya mbali. Moja liko kaskazini mwa Kitale, lingine limeacha historia Bungoma na Busia.

Tuanze Kitale. Panda mathree ya Kapenguria, alafu songa mpaka Kacheliba, Pokot Magharibi. Hospitali ya huko imetibu kala-azar miaka mob. Anayeileta ni usubi, kadudu kadogo kuliko mbu, hakana kelele, mchana kanajificha kwa vichuguu na usiku kanatoka kuuma. Kimelea chenyewe, Leishmania, kinaingia kwa wengu, ini na uboho wa mifupa. Homa inapita wiki mbili na haiishi, unakonda, wengu inafura upande wa kushoto, damu inapungua. Damu ikipungua, moyo unalazimika kukimbia ndio oksijeni ifike mwilini. Usipotibiwa, karibu kila mgonjwa hufa.

Sasa, kitu wengi hawajui ni kwamba hata dawa inaweza kuguza moyo. Tangu 2010 WHO imependekeza Afrika Mashariki itumie sindano za aina mbili, SSG na paromomycin, kila siku kwa siku 17. SSG imetengenezwa na antimoni, aina ya metali. Inaua kimelea fiti, lakini inaweza kuvuruga umeme wa moyo. Ndio maana kijana anayeumwa wengu anashangaa akiitwa kupimwa kifua.

Fikiria moyo kama simu inayojichaji kila baada ya pigo moja. Ule muda wa kupiga na kujichaji ndio madaktari huita QT. Ukirefuka sana, pigo linalofuata linaweza kuja kabla moyo haujawa tayari, mapigo yanachanganyikiwa, na mtu anaweza kuzirai au kufa ghafla. Kipimo cha kuona hiyo ni ECG. Unalala kitandani, unabandikwa stika kumi, sita kifuani na nne kwa mikono na miguu, unatulia dakika chache, karatasi inatoka na mistari. Hakuna sindano, hakuna uchungu, na hapana, haikupigi shoti. Mashine inaskiza tu.

ECG moja haitoshi. Ile inayopigwa kabla ya dawa ndiyo ya maana sana, juu bila hiyo daktari hana cha kulinganisha. Zinazofuata ndizo zinaonyesha kama moyo unateleza. QT iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo ikipita milisekunde 500, hiyo ni red light. Kutapika na kuharisha huongeza hatari kwa kupunguza potasiamu. Pia baadhi ya dawa za malaria na antibiotiki hurefusha QT, kwa hivyo zile tembe ulinunua kwa chemist kabla ya kuja hospitali, usione aibu, zitaje.

Habari njema ni kwamba watafiti wamekuwa wakisaka njia ya kuachana na SSG. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan, Kacheliba ikiwemo, ulijaribu paromomycin na vidonge vya miltefosine kwa siku 14. Matokeo yalichapishwa 2022: karibu asilimia 91 walipona, sawa na wale wa SSG. Ubaya wake ni kwamba miltefosine inaweza kudhuru mtoto aliye tumboni, hivyo msichana anayeitumia lazima ajikinge asipate mimba.

Tushuke Bungoma. Hapa stori ni malale, inayoletwa na mbung'o. Aina ya upande wetu, rhodesiense, huishi ndani ya ng'ombe na wanyama wa porini, na haina subira. Bila matibabu inaweza kuua ndani ya wiki au miezi. Watu hungoja dalili za ubongo, yaani usingizi wa mchana na kuongea ovyo, lakini kimelea hiki kinaweza kuvimbisha misuli ya moyo na ngozi inayoufunika hata kabla ya kufika kichwani. Binamu yake wa Amerika Kusini, ule wa Chagas, huguguna moyo kwa miaka ishirini au thelathini. Wetu hana huo muda.

Agosti 2025 WHO ilithibitisha kwamba Kenya imemaliza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kati ya wenyeji alipatikana 2009, na 2012 watalii wawili waliumwa Maasai Mara. Ni ushindi wa ukweli, tupige makofi. Mimi naona hatari moja tu: daktari kijana ambaye hajawahi kuona malale atasema ni malaria. Na mbung'o na ng'ombe hawajui mpaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Soroti nchini Uganda ilipata mlipuko baada ya ng'ombe wenye kimelea kuletwa kupitia soko la mifugo.

Kwa hivyo kama homa imegoma licha ya dawa ya malaria, ama kipimo cha malaria kinasema hauna, mwambie daktari ulikuwa wapi: Mara, ng'ambo ya Busia, Pokot kwa kina shosh. Taja kidonda kama mbung'o alikuuma, na kama moyo unaenda mbio hata ukiwa umekaa. Malale hutafutwa kwa damu chini ya hadubini, kisha maji ya uti wa mgongo.

Zamani malale iliyofika ubongoni ilitibiwa na melarsoprol, dawa ya arseniki iliyoua karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Tangu 2024 WHO inapendekeza fexinidazole, vidonge vya siku kumi, vinavyomezwa na chakula. Nayo pia hurefusha QT. Ukipewa, uliza ECG yako ya kwanza itapigwa saa ngapi.